Simu nyingi au pesa nyingi: kampuni kubwa ni ipi?

Barza_Sokomuhogo
Assalamu alaykum wanabarza. Jana baada ya Isha pale Jaws Corner tulibishana mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Suali lenyewe: kampuni kubwa ya simu ni ile inayotoa simu nyingi au ile inayopata pesa nyingi? Kwa idadi, mwaka 2023 IDC, kampuni ya utafiti wa masoko, waliihesabia Apple simu milioni 234.6, Samsung milioni 226.6, Xiaomi kama milioni 146, na Transsion, hawa wenye Tecno, Infinix na itel, karibu milioni 95. Ilikuwa mara ya kwanza Apple kumaliza mwaka ikiwa mbele ya Samsung. Ukija kwenye faida, mpangilio unakuwa mwengine kabisa. Mie nasema idadi ndiyo ukubwa. Simu ikiwa mkononi mwa mtu, hapo kampuni ipo. Wenzangu wote walinipinga. Leteni hoja.

Kijana_Mlandege
Waalaykum salaam. Sheikh, idadi bila pesa ni mbio za sakafuni. Counterpoint, watafiti wa soko kama IDC, walipofunga hesabu za 2022, simu za Apple hazikufika moja katika kila tano zilizotoka duniani, lakini mapato yake yalikuwa karibu nusu ya mapato yote ya simu, na kwenye faida ilibeba kama asilimia 85. Waliobaki wote, Samsung na Wachina wote, wakagawana asilimia kama 15. Sasa mkubwa nani? Hao Tecno na itel waache wahesabu maboksi. Zile ni simu za shamba, mtu wa mjini hazimhusu.

Mwalimu_Wete
Mdogo wangu, soma tena ulichoandika. "Simu za shamba." Nina miaka ishirini na mbili nasomesha skuli, na simu yangu ni itel. Kabla yake nilikuwa na Tecno. Kwa simu hiyo nimewatumia wazee matokeo ya watoto wao, na kwa simu hiyo nimemwita daktari usiku wa manane mama yangu alipozidiwa. Leo unaniambia ya shamba, kana kwamba shamba ni tusi. Huo mji unaojivunia, majumba yake yamesimama kwa karafuu. Karafuu zilitoka wapi?

Kijana_Mlandege
Mwalimu, mbona umepanda hivyo? Sikutaja Pemba yenu mimi. Nikisema shamba nakusudia hata Makunduchi, hata Nungwi.

Mkae_wa_Makunduchi
Nilikuwa nasoma kimya. Makunduchi tumekukosea nini?

Zao_la_Karafuu
Ndugu zangu, mada ni nzuri, tusiivuruge. Nakufahamisheni kwa karafuu kwa kuwa wote tunazijua. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo jioni kila mmoja anatazama pishi zake, na mwenye pishi nyingi ndiye anayesifiwa. Mwenye mikarafuu hali usingizi kwa pishi. Yeye anachambua makonyo, anaanika juani, anakimbia nazo ndani mvua ikitishia, anazipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zikapimwe kwa kilo, analipa wachumaji na gari, ndipo anajua amebaki na nini.

Simu ni hivyo hivyo. Zile milioni za IDC ni simu zilizotoka kwa kampuni kwenda kwa wauzaji. Hata ikikaa kabatini dukani miezi sita haijapata mteja, imeshahesabiwa. Hizo ndizo pishi. Mapato ya mauzo ni pesa zilizoingia. Faida ni kilichobaki baada ya kulipia vioo, chipu, matangazo na mishahara. Mambo matatu hayo, na tangu jana mnayapika kwenye chungu kimoja.

Hesabu_Kavu
Zao amesema kweli, nami naongeza lililo zito zaidi. Hata hizo pishi hakuna aliyezipima. Apple ilitangaza Novemba 2018 kwamba haitoi tena idadi ya iPhone inazouza. Samsung iliacha mapema zaidi, mwaka 2011. Kwa hiyo IDC na Counterpoint wanakisia, kila mmoja kwa njia yake, ndiyo maana hawalingani. Pesa ndizo zinazokaguliwa. Mwaka wa fedha wa Apple ulioisha Septemba 2023, iPhone peke yake iliingiza dola bilioni 200 na kidogo, na faida halisi ya kampuni nzima ilikuwa dola bilioni 97. Transsion ipo kwenye soko la hisa la Shanghai tangu 2019, na faida yake ya 2023 ilikuwa kama yuan bilioni 5.5. Hiyo haifiki hata dola bilioni moja.

Na wenye kuabudu idadi watazame LG. Iliuza mamilioni ya simu, Marekani ilikuwa ya tatu, na bado Aprili 2021 ilitangaza kufunga biashara ya simu kwa hasara ya miaka mfululizo. Nokia hali kadhalika. Mwaka 2008 karibu simu nne katika kila kumi duniani zilikuwa zake, na Septemba 2013 ikakubali kuwauzia Microsoft biashara yake ya simu.

Mama_Wawili
LG usiiseme, mwanangu. Televisheni yangu ya LG ina miaka kumi na moja, haijaguswa na fundi.

Mwalimu_Wete
Hesabu zote hizo nimezisoma. Bado sijaona mtu kuombwa radhi kwa lile neno.

Fundi_Darajani
Mie nazungumza kutoka mezani kwangu, mimi ndiye ninayezifungua. iPhone nyingi zinazopita hapa Darajani si mpya. Zimetumika kwanza Ulaya, Marekani au Ghuba, zikakusanywa Dubai, zikasafishwa, zikatiwa betri, ndipo zikapanda meli au ndege kuja kwetu. Simu hiyo IDC waliihesabu mara moja tu, siku ilipotoka mpya kwenda kwa wauzaji wa huko. Ikifika hapa ikauzwa na kuuzwa tena, haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Tecno mpya ya kwenye boksi inahesabiwa. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa hesabu hizo watu wa Zanzibar wanashika simu gani, hutajua. Nusu ya ukweli uko kwenye mitumba.

Nazijua kwa kuziona. Nikipasha kioo moto kikaachia, simu iliyofunguliwa zamani ina gundi nyengine, skrubu moja haipo, na ile ngozi nyembamba ya kuzuia maji haijarudishwa. Mwenyewe hana habari. Anaingia nayo baharini anapiga picha, kesho yuko kwangu.

Kijana_Mlandege
Fundi, hilo dongo la simu yangu? Mbele za watu wote hawa?

Fundi_Darajani
Simu yako siijui, mwanangu. Kama imekugusa, ilete niitazame.

Kijana_Mlandege
Simu yangu nimenunua kwa pesa zangu na risiti ninayo. Tatizo letu mtu akiwa na kitu kizuri lazima kitafutiwe kasoro. Nimeleta hoja ya faida, hakuna aliyeijibu. Mnaishia kusema mitumba, mitumba. Na wewe Mwalimu, hiyo itel unaipendea kukaa na chaji, maana huko umeme wenyewe wa kubahatisha.

Mwalimu_Wete
Hapo umeniita mwenyewe. Umeme? Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani miezi mitatu waya wa chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika. Sisi Pemba tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha. Jamaa zangu wa Mjini walikuwa wakinipigia simu kuniuliza habari za dunia, kwa sababu nilikuwa na televisheni inayowaka na wao wanakamatia foleni ya kuchaji.

Mkae_wa_Makunduchi
Majenereta ya Wesha nayo yalikuwa ya mgao, Mwalimu, tuseme yote. Umeme wa uhakika mmeupata Juni 2010 ule waya wa kutoka Tanga ulipowashwa.

Mwalimu_Wete
Mgao si giza.

Mama_Wawili
Miezi ile mitatu mie naikumbuka vizuri. Nilikuwa naishi Magomeni, mtoto wangu wa kwanza mchanga. Dukani kwa jirani palikuwa na jenereta, tunapanga simu chini kwenye kibao, kila moja imefungwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Unaiacha asubuhi, unaifuata Alasiri. Zile kubwa za kuteleza kwa kidole zilikuwa zinarudi kila siku. Jirani yangu mwenye simu ndogo ya tochi alikuwa anakuja mara moja kwa wiki, na usiku tochi yake ndiyo niliyomnyonyeshea mwanangu. Mkisema simu kubwa ni ipi, mie ninaiona ile.

Zao_la_Karafuu
Mama Wawili umegusa jambo. Hao Transsion ndipo waliposhikia. Walianza 2006, wakaja Afrika wakati wakubwa wanatazama kwengine. Wakatia laini mbili maana watu walikuwa wanabeba simu mbili, moja ya kila mtandao. Wakatia betri kubwa. Wakarekebisha kamera ili ngozi nyeusi ionekane uso, isiwe kivuli chenye meno. Faida ya kila simu ni ndogo, sawa, lakini waliuliza mtu wa hapa anataka nini.

Hesabu_Kavu
Hilo silikatai. Lakini faida ndogo ina matokeo yake. Kampuni inayobakiwa na kidogo kwa kila simu haina pumzi ya kuipelekea simu ile ile maboresho ya programu miaka mitano, sita. Miaka michache tu, programu ya benki inakuambia simu yako ni ya zamani. Hapo ndipo faida ya Apple na Samsung inapomrudia mnunuzi.

Kijana_Mlandege
Ahsante! Hilo ndilo nililokuwa nataka kusema tangu mwanzo.

Mwalimu_Wete
Hukusema hilo. Ulisema shamba.

Dau_la_Mkoani
Tukizungumza kuzimiwa simu, mmesahau Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walipozima simu feki zote? Baba yangu mvuvi, simu yake alikuwa akiifunga kwenye nailoni mara tatu akitoka na ngalawa. Asubuhi ile ikawa haishiki mtandao. Alinunua kwa bei ya simu ya kweli, aliyemuuzia alimwambia ni Samsung. Watu walikuwa wakibonyeza *#06# kutafuta namba ya IMEI, wazee hawajui hata nyota iko wapi. Zile feki nazo alizihesabu nani? Zilikuwa na jina la Samsung mgongoni na Samsung haikupata hata senti.

Mkae_wa_Makunduchi
Na bado hamjazungumza ushuru. Mtu ananunua bidhaa hapa imeshalipiwa, akishuka nayo bandarini Dar anadaiwa tena. Kilio hichi cha miaka mingapi?

Barza_Sokomuhogo
La ushuru nakuombeni tulifungulie uzi wake, humu litatula mwezi mzima. Turudi kwenye suali. Nimewasoma nyote na nataka kulisema vizuri zaidi nililolisema mwanzo. Sikusema idadi ya maboksi. Nilikusudia idadi ya watu wanaotumia.

Hesabu_Kavu
Sheikh, mwanzo umeandika milioni za IDC, na hizo ni za maboksi yanayokwenda kwa wauzaji.

Barza_Sokomuhogo
Niliziandika kwa kuwa ndizo zilizopo. Lakini niliposema mkononi mwa mtu nilikusudia mkononi, si kabatini. Na kwa alivyoeleza Fundi, kwa kipimo hicho Apple inaongezeka, maana iPhone moja inapita mikono mitatu. Kwa hiyo pengine kijana wa Mlandege na mimi tuko upande mmoja kwa njia mbili.

Kijana_Mlandege
Mie sijahama nilipo. Faida ndiyo kipimo, na 2024 pia Apple imebaki ya kwanza hata kwa hiyo idadi yenu. Transsion nao walipanda mpaka nafasi ya nne, wakaipita OPPO, nalikubali hilo. Na Mwalimu, lile neno la shamba nimeliandika kwa pupa. Bibi yangu mzaa mama ni wa Konde, huko huko Pemba. Sikuwa na nia ya kumdharau mtu.

Mwalimu_Wete
Konde? Wa upande gani?

Kijana_Mlandege
Karibu na kwenda Ngezi. Msituni.

Mwalimu_Wete
Basi wewe ni mtu wetu, na ndiyo maana limeniuma zaidi. Yamekwisha, mjukuu wa Konde. Fundi, nina suali la kweli sasa. itel yangu haishiki chaji mpaka niukunje waya. Nimetazama ndani ya tundu, kuna rangi ya kijani.

Fundi_Darajani
Hiyo ni kutu ya hewa ya bahari, Mwalimu, imeshakula pini. Usichokoe kwa sindano, utaziegemeza zigusane. Nitaibadilisha pini yote, kazi ya saa moja, na ya itel inapatikana kwa urahisi kuliko hizo nyengine. Kama unamtuma mtu na boti ya asubuhi, izime kwanza, ifunge kwenye kitambaa kikavu, usiitie kwenye nailoni maana itatoa jasho njiani. Nipo dukani mpaka Magharibi.

Mama_Wawili
Fundi, na televisheni unatazama?