Mtu amepoteza barua pepe za ofisi nzima, halafu anatuuliza kama tulikuwa tunazisoma!

Karani wa Ghala (mleta uzi)

Wakuu, salamu nitazileta siku nyingine, kwa sababu nimetoka ofisini sasa hivi mikono ikinitetemeka, na ninaandika nikiwa bado nimesimama nje ya geti, hapa Shangani, Mtwara. Yule bwana fundi wa kompyuta mnamjua. Hakuna mfanyabiashara wa korosho kuanzia Mikindani hadi Tandahimba ambaye hajawahi kumlipa, naye hutembea na rundo la funguo kiunoni linalosikika kabla mwenyewe hajafika, ingawa sijawahi kuona mlango hata mmoja alioufungua. Jina silitaji, maana kulitaja ni kumtangazia biashara bure.

Seva yetu ya barua pepe, ile kompyuta inayozipokea na kuzitunza, ilizimika umeme ulipokatika, ikawaka uliporudi, ikazimika tena, na ilipowaka mara ya mwisho haikusoma hata faili moja. Tukamwita. Alikuja, akavuta kiti, akajisogezea bakuli la sampuli za korosho zilizobanguliwa, ambazo mnunuzi alikuwa bado hajazikagua, akaanza kutafuna. Nilipomuuliza nakala rudufu ziko wapi, alinijibu kwa utulivu wa jaji kwamba zipo, kwa kuwa ndani ya seva mna diski mbili zinazonakiliana kila sekunde. Nikamwomba atoe hiyo ya pili. Akaitoa, nayo ikawa imeharibika vilevile, herufi kwa herufi, kwa uaminifu ambao ningependa kuuona kwa binadamu.

Hapo ndipo lilipotoka lile neno. Mbele ya mkurugenzi, mbele ya mhasibu, mbele ya mama anayetuletea chai, huku unga wa korosho zetu ukiwa umetanda kwenye masharubu yake, alinitazama akasema: “Dada yangu, kwani hizo barua pepe mlikuwa mnazisoma?”

Kwani mlikuwa mnazisoma! Mikataba ya msimu mzima, hati za shehena, vyeti vya afya ya mimea, mabishano yetu na wanunuzi wa India na Vietnam kuhusu unyevu wa korosho, yote hayo sisi tulikuwa tunayapamba tu ukutani.

Kisha akasimika programu upya, seva ikawaka ikiwa tupu, akatangaza kwamba kazi imekwisha. Simu zetu, ambazo hadi dakika hiyo zilikuwa bado na barua za zamani, ziliunganishwa na hiyo seva mpya, zikakuta haina kitu, nazo kwa adabu kubwa zikafuta kila kilichokuwamo ndani yake. Nimelitazama sanduku langu la barua likiisha mbele ya macho yangu, na yeye bado anatafuna. Mama wa chai alisema “Inna lillahi.” Yeye akaomba maji ya kunywa, na bakuli likawa limebaki na vipande viwili.

Kwani mlikuwa mnazisoma! Wakuu, nisaidieni kulaani.

Kangomba Mstaafu

Pole sana dada, lakini nimeusoma uzi wako mara mbili na bado sijaelewa kama unalilia barua pepe au unalilia korosho. Barua umezitaja kwa sentensi moja, bakuli umelitaja kila aya. Kama sampuli zilikuwa za daraja la kwanza, useme, tukuchangie.

Mzee wa Seva

Mleta uzi, nakupa pole, ila hilo la diski mbili limenichefua kiasi kwamba siwezi kulipita. Mfumo huo wa diski mbili zinazonakiliana, unaoitwa reidi ya 1 (RAID 1), unakulinda siku diski moja inapokufa kifo chake yenyewe, basi. Haukulindi dhidi ya faili lililofutwa, virusi, wala umeme uliokatika seva ikiwa katikati ya kuandika, kwa sababu kosa linaloandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Ni pacha wawili wanaokula sahani moja: ukitia sumu, unachimba makaburi mawili. Nakala rudufu ni ile iliyotengwa na seva, yenye tarehe ya jana, ya juzi na ya mwezi uliopita, na kanuni inayofahamika na kila fundi ni nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae nje ya jengo.

Kuhusu simu, huyo bwana angezizima zote, au angalau azikate mtandao, kabla ya kuiwasha seva tupu. Katika IMAP, utaratibu wa kuzisoma barua zikiwa kwenye seva, seva ndiyo yenye asili, na simu inashika nakala ya muda tu. Ikiambiwa kwamba sanduku ni jipya, inatakiwa kutupa ya zamani na kuanza upya. Kompyuta moja tu iliyokatwa mtandao mapema ingewaokolea nusu ya mikataba. Je, hamkuwa na mzee yeyote ofisini anayetumia POP3, ule utaratibu wa kizamani? Wale huwa wanashusha barua zote kwenye mashine zao, nasi tunawacheka hadi siku ya msiba.

Karani wa Ghala

Mzee wangu, shikamoo. Mzee wa POP3 tulikuwa naye, na ni huyo huyo bwana aliyemhamishia IMAP mwaka jana akimwambia kwamba amepitwa na wakati. Lakini mbona hamuoni jambo lenyewe? Alisema “kwani mlikuwa mnazisoma” huku anatafuna!

Binti Ligula

Dada, usikate tamaa. Barua zilizotumwa wakati seva imezimika hazijapotea. Seva ya mtumaji huziweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Kanuni ya mwaka 2008 ya SMTP, utaratibu ambao seva hutumiana barua, inashauri mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5, na Postfix, programu ya seva za barua, kwa mpangilio wake wa kawaida, hungoja siku 5. Seva ikirudi ndani ya muda huo, zitaingia zenyewe.

Karani wa Ghala

Zingeingia, mdogo wangu, kama asingeiwasha seva kabla ya kufungua akaunti zetu. Kila barua iliyogonga mlango ilijibiwa hapo hapo kwa kosa namba 550, kwamba mtu huyo hayupo, na kosa hilo ni la kudumu, hivyo mtumaji hakujaribu tena. Foleni iliyokuwa inatusubiri kwa uvumilivu imetimuliwa kwa dakika chache. Mnunuzi mmoja amepiga simu kutoka Kollam kumuuliza mkurugenzi kama nimefariki. Nilipomweleza bwana yule, mnajua alinijibu nini? Mnajua. Sirudii. Narudia: kwani mlikuwa mnazisoma!

Chuno Juu

Mwaka huu mtu bado anaweka seva ya barua pepe chini ya meza, Mtwara, kwa umeme wetu huu unaotuaga bila kutuambia unarudi lini, tena bila hata yupiesi, lile betri la kushikilia umeme ukikatika? Pelekeni mawinguni mlale usingizi.

Mzee wa Seva

Kijana, hayo mawingu ni kompyuta ya mtu mwingine. Februari 2011 Google wenyewe walipata hitilafu ya programu iliyofuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, ikafuta na nakala zilizokuwa kwenye vituo vyao vingine, na kilichowaokoa ni mikanda ya sumaku, ile mnayodhani iliisha na redio kaseti, kwa kuwa mkanda uliokaa rafuni hauwezi kufutwa na programu. Mwaka 2019 VFEmail ya Marekani iliingiliwa na mhalifu akafuta seva pamoja na nakala rudufu zake, kwa sababu zote zilikuwa zimeunganishwa mtandaoni. Nakala inayofikiwa na seva inafikiwa pia na anayeiharibu seva.

Mtanda Lindi

Ninyi wa Mtwara mnalalamika mkiwa mmeshiba. Sisi huku Lindi tulikuwa na nakala rudufu kila usiku, imefungwa kwa nywila ndefu kama alivyotaka mkaguzi, na ripoti ya kijani inakuja kila asubuhi. Siku seva ilipokufa tukafurahi kabisa, tukasema leo ndiyo leo. Nywila ya kufungulia nakala ilikuwa imetunzwa vizuri sana, kwenye barua pepe, ndani ya seva iliyokufa. Hakuna aliyewahi kujaribu kurejesha hata barua moja tangu mfumo uwekwe. Afisa TEHAMA aliyeiweka amehamishwa, na simu yake inapokelewa na mtoto.

Kangomba Mstaafu

Hii ya Lindi ndiyo kiboko. Mleta uzi, umepitwa.

Karani wa Ghala

Tafadhali turudi kwenye mada. Alikuwa anatafuna.

Dereva wa Masasi

Hadithi ya nywila ni chai, isiyo hata na sukari. Nisikilizeni mimi. Ofisi yetu ilifuata hiyo kanuni ya nakala 1 nje ya jengo: kila wiki diski inafungwa kwenye boksi na kupelekwa Dar es Salaam kwa basi. Mei 2024 seva ikafa, tukaagiza diski irudishwe. Kimbunga Hidaya kikaleta mvua, barabara ikakatika kule Somanga, boksi likalala njiani. Tukasema basi, kwa kuwa Dar es Salaam wana nakala nyingine, watutumie kwa intaneti. Tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, za EASSy na Seacom, zikakatika. Hapo ndipo nilipoanza kumuuliza Mungu maswali.

Mzee wa Seva

Dereva, kosa lenu ni kwamba diski ya nje ya jengo haiondoi ile ya ndani. Zote mbili zinatakiwa, ya ndani kwa haraka na ya nje kwa moto na mafuriko. Boksi lilifika hatimaye?

Dereva wa Masasi

Barabara ilipofunguliwa basi lilifika, boksi halikufika. Wakala anasema alilishusha Lindi kwa usalama wake. Wakala mwenyewe mnamjua, yule wa kofia nyeupe anayekuitikia kabla hujamaliza kusema.

Mtanda Lindi

Nani asiyemjua! Huyo aliwahi kupokea kifaa changu cha kuhifadhia data, akanirudishia chaja ya simu, akaniambia eti vyote vinatumia umeme. Hebu niambie, boksi lako lilikuwa la kahawia, limezungushwa utepe wa bluu, na ubavuni limeandikwa “Usigeuze”?

Dereva wa Masasi

Ndilo hilo! Umeliona wapi?

Mtanda Lindi

Lipo kwenye kibanda chake, kaliwekea feni juu yake. Limegeuzwa.

Dereva wa Masasi

Mkuu, nakuomba usiondoke hapo stendi. Natoka Masasi sasa hivi, na mtu yeyote asiizime hiyo feni wala asiisogeze mpaka nifike.