Kwa nini mchezaji aongeze mkataba badala ya kusubiri uishe aondoke bure?

Namba Nane
Habari za jioni wakuu, naomba kueleweshwa. Tangu hukumu ya Bosman, kesi ya mchezaji wa Ubelgiji iliyoamuliwa na mahakama ya Ulaya Desemba 1995, mkataba wa mchezaji ukiisha anaondoka na klabu yake haiambulii kitu. Ile hela ambayo klabu mpya ingetoa kumnunua, sehemu kubwa si inaingia kwake kama pesa ya usajili? Mbappé alitoka PSG hivyo mwaka 2024. Sasa mbona wengi walio kwenye kiwango wanasaini tena wakiwa bado na miaka miwili? Hata Salah na Van Dijk wa Liverpool walifika Aprili 2025, imebaki miezi tu, wakaongeza.

Beki Tatu
Mkuu, anza na hesabu. Tuseme mtu analipwa pauni 50,000 kwa wiki, amebakiza miaka miwili, na klabu inampa 90,000 kuanzia wiki hii. Tofauti ni 40,000 mara wiki 52 mara miaka 2, yaani pauni 4,160,000. Akisubiri, hizo kazikosa. Pesa ya usajili ya huko mbele lazima ivuke kiasi hicho ndipo aanze kuona faida, na mara nyingi hailipwi kwa mkupuo, inagawanywa kwa miaka ya mkataba.

Halafu majeraha, na hapa ndipo uzito wote ulipo. Alphonso Davies mkataba wake Bayern ulikuwa unaisha Juni 2025. Februari akasaini hadi 2030. Machi, akiwa na Kanada, akachanika ligamenti ya goti. Angekuwa hajasaini, angeingia sokoni anachechemea, na klabu iliyomtaka Januari ingeanza kuuliza ripoti ya daktari. Anayesubiri aondoke bure anabeba hatari peke yake. Aliyesaini, hatari hiyo kaibebesha klabu.

Na soko lenyewe halina huruma. De Gea alitoka Manchester United 2023 mkataba ulipoisha, akakaa msimu mzima bila timu hadi Fiorentina walipomchukua Agosti 2024. Huyo ni kipa aliyekuwa namba moja kwa miaka.

Refa wa Akiba
Naongezea upande wa kanuni, maana "bure" si bure kwa kila mtu. Uingereza, mchezaji aliye chini ya miaka 24 akikataa ofa ya klabu yake na kwenda klabu nyingine ya huko huko, klabu iliyomlea inadai fidia. Danny Ings alimaliza mkataba Burnley 2015 akiwa na miaka 22, akaenda Liverpool. Klabu hazikuelewana, baraza la kuamua fidia likasema Liverpool ianze kwa kulipa pauni milioni 6.5. Klabu mpya ikijua ina deni kama hilo, mchezaji ndiye anayepunguziwa mezani.

Pia ile miezi sita ya mwisho ambayo FIFA inaruhusu kusaini kwingine: kwa aliyeko Ligi Kuu ya Uingereza, Januari anaweza kusaini na klabu ya nje ya nchi, si ya nyumbani. Na akigoma kuongeza, kocha anaweza kuambiwa asimpange. Rabiot alikataa kusaini PSG, kuanzia Desemba 2018 hakucheza tena hadi mkataba ulipoisha. Nusu msimu bila mechi inashusha bei ya mtu yeyote.

Namba Nane
Hapo kwa Davies nimeelewa vizuri. Lakini kuna anayesaini leo, msimu ujao anauzwa. Alisaini ya nini?

Beki Tatu
Kwa sababu mkataba mpya unaweza kuwa mlango wa kutokea. Suárez aliongeza Liverpool Desemba 2013, Julai 2014 yuko Barcelona. Kati hapo mshahara ulishapanda, na mazungumzo na klabu mpya yanaanzia kwenye mshahara huo mpya. Cha kuangalia ni maneno ya kipengele cha kuondoka, yaani kile kinachotaja kiasi ambacho klabu nyingine ikikitoa mchezaji anaruhusiwa kwenda. Kabla ya hapo, kiangazi cha 2013, Arsenal walipeleka ofa ya pauni 40,000,001 kwa Suárez wakiamini kipengele kinawafungulia, Liverpool wakagoma kuuza. Wakala makini anaandika kiasi, klabu zipi zinahusika, tarehe ya mwisho, malipo ya mkupuo au awamu, na wazi kabisa kwamba klabu *lazima* ikubali. Kikiishia kusema "watazungumza", hakuna kipengele hapo.

Kijiwe cha Jioni
Kwa ligi yetu ya Bongo hesabu inageuka. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo kila kuongeza ni pesa ya usajili mpya, na hiyo kwa wengi ina uzito kuliko mshahara. Anayemaliza mkataba ana nguvu kweli: Chama alimaliza Simba 2024 akavuka kwenda Yanga, Simba hawakupata ada ya uhamisho. Tatizo ni ahadi ya "nusu sasa, nusu baadaye". Anayeongeza adai awamu zote ziandikwe na tarehe ndani ya mkataba wenyewe, si kwenye karatasi ya pembeni. Mishahara ikifika miezi miwili haijalipwa, kanuni za FIFA zinamruhusu kuitaarifu klabu kwa maandishi, ikapewa angalau siku 15. Zikipita bila malipo, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Asiondoke kambini kabla ya barua hiyo na siku hizo kupita, maana hapo kosa linakuwa lake.