Iten hadi Kabarnet na kurudi kwa baiskeli siku moja: nianzie upande upi?

Mpwani wa Nyali:
Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Mombasa na nimezoea kuendesha baiskeli ya mashindano kwenye barabara ya Malindi, ambako kinachomsumbua mtu ni upepo tu. Mwezi Januari nakusudia kulivuka Bonde la Kerio: kuteremka kutoka Iten kupitia Tambach, kuvuka mto pale Cheploch, kuipanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, kisha kurudi kwa njia ile ile kabla ya usiku kuingia. Kwa hesabu ya ramani, safari nzima inazidi kidogo kilomita 100. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, sakafu ya bonde takriban 1,100 na Kabarnet takriban 2,000, kwa hiyo nitapanda karibu mita 900 wakati wa kwenda na 1,300 wakati wa kurudi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mlima mrefu zaidi unabaki mwisho, miguu ikiwa imeshachoka. Je, si afadhali nilale Kabarnet na kuanzia huko, ili niumalize mlima mkubwa asubuhi?

Kona za Tambach:
Ukitazama mita peke yake, hoja yako ina mantiki, lakini hujalitia jua hesabuni. Ukuta wa Elgeyo, ule unaopanda kwenda Iten, unatazama mashariki. Asubuhi jua huupiga tangu linapochomoza, na lami huanza kurudisha joto usoni mapema sana. Alasiri mambo hugeuka, kwani jua linapojificha nyuma ya ukingo, kivuli huanza kuteremka barabarani kona baada ya kona. Milima ya Tugen kwa upande wa Kerio inatazama magharibi, kwa hiyo kivuli chake ni cha asubuhi. Maana yake ni kwamba anayeanzia Kabarnet huipanda milima yote miwili juani, ilhali anayeanzia Iten anaweza kuipanda yote miwili kivulini, mradi apange saa zake vizuri.

Ondoka Iten saa kumi na mbili na nusu, mara tu barabara inapoonekana vizuri. Mwendeshaji wa kawaida mwenye mazoezi hupanda kama mita 600 kwa saa, hivyo Kabarnet utafika kabla jua halijawa kali. Kula, pumzika hata kwa muda wa saa tatu bila kuona aibu, kisha teremka saa nane au saa tisa. Usikae bondeni mchana: joto huongezeka kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kila unaposhuka mita 1,000, kwa hiyo tofauti ya Iten na daraja la Kerio ni kama nyuzi nane, na upepo wa kukupoza ni haba.

Gia Ndogo:
Nakubaliana na hoja ya jua, ila kwa mwezi Januari tu. Ingekuwa Aprili au Agosti ningemuunga mkono ndugu yetu wa Pwani, kwa sababu mvua za huko hupenda kunyesha alasiri, na kivuli hakina faida kwa mtu anayepanda ndani ya ngurumo.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja ni hewa. Shinikizo la hewa pale Iten ni kama robo tatu tu ya lile la Mombasa, na mtu anayetoka usawa wa bahari huligundua hilo akishapita Tambach: miguu bado inataka kwenda, lakini pumzi haikubali. Anza mlima polepole kuliko unavyoona inafaa. Gia ya mbele iwe ya meno 34, na kubwa ya nyuma iwe 32 au zaidi. Ukija na zile za tambarare utaishia kuisukuma baiskeli mbele ya watoto wa shule, nao hawana huruma. Maji yasipungue nusu lita kwa saa, na bondeni zaidi ya hapo, pamoja na chumvi kidogo. Ndizi na maembe utayapata njiani.

Breki Mbili:
Kwa upande wa mteremko, usibane breki mfululizo kutoka juu hadi chini, kwani rimu ikipata moto kupita kiasi tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, acha chuma kipoe. Na mbuzi mmoja akivuka barabara, subiri, wenzake wanakuja.

Mpwani wa Nyali:
Nashukuru sana, nitaanzia Iten. Nikichelewa Kabarnet, je, nijaribu tu kurudi?

Kona za Tambach:
Weka mpaka mmoja: ikifika saa kumi alasiri na hujavuka daraja, simamisha matatu inayoelekea Eldoret, na baiskeli ifungwe juu kwenye keria. Mlima ule unahitaji saa mbili na zaidi, na giza huingia karibu saa moja. Taa ya nyuma uwe nayo hata hivyo, kwa sababu wakati huo jua liko machoni mwa madereva wanaopanda nyuma yako, na upande wa kivuli mtu aliyevaa nguo nyeusi haonekani.

Gia Ndogo:
Tena patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa juu.