Siku moja Nyanda za Juu Kusini: Isimila na Kalenga, au Kimondo na Daraja la Mungu?

MamaK_Tabata
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaozijua njia za kusini. Mwezi wa saba tunakwenda Mbeya kwa wakwe kwa gari letu, na safari hii nimemwambia baba K hatupiti tu kama mabasi. Tuna siku moja kamili ya kutembea, basi. Tupo watano: sisi wawili, watoto wa darasa la tano na la saba, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua.

Chaguo la kwanza: tulale Iringa, kesho yake tuone Isimila na Kalenga, kisha tuendelee na safari. Chaguo la pili: twende moja kwa moja hadi Mbeya, halafu siku hiyo tuitumie huko. Kuna kampuni imenipa bei ya gari na mwongozaji wao, na kwa siku moja wanasema tutaona Kimondo cha Mbozi, Daraja la Mungu (lile la mwamba wa asili) na Ziwa Ngozi. Bei si mbaya, ila moyo unasita. Mnasemaje? Na huyo mwongozaji ana kazi gani hasa, au tutajisomea mabango wenyewe?

Mhehe_wa_Mwangata
Kamwene mama K. Mimi ni wa Iringa kwa hiyo nina upande, lakini nisikilize kwanza.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini, kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda Mbeya, kwa hiyo hupotezi njia. Pale kuna vitu viwili mahali pamoja. Cha kwanza ni zana za mawe: mashoka ya mkono, vikwangulio, mawe yaliyochongwa makali pande zote mbili. Yanajulikana kwa wataalamu tangu 1951, na uchimbaji mkubwa ulifanywa 1957 na 1958 na timu ya F. Clark Howell kutoka Chuo Kikuu cha Chicago. Walipata pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, macho yake yalikaa juu sana kichwani kuliko ya kiboko tunayemjua. Cha pili ni nguzo. Ukishuka korongoni unakutana na minara ya udongo na mawe, mirefu, imesimama peke yake, mingine ina kofia juu. Hakuna aliyeijenga, ni maji tu.

Kuhusu mwongozaji: Isimila bila mwongozaji ni korongo lenye mawe. Nasema hivi kwa kuwa nimeona watu wanashuka, wanapiga picha kwenye nguzo, wanapanda, na njiani wamekanyaga shoka la kale bila kujua. Mwongozaji ataokota jiwe moja, atakuwekea mkononi, atakuonyesha kidole gumba kinakaa wapi na makali yanaelekea wapi. Hapo ndipo mtoto wa darasa la tano ananyamaza. Kisha unalirudisha pale lilipokuwa, kwani kuondoka nalo ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na wanaoliuliza begi lako hawana utani.

Waongozaji wako palepale getini, huhitaji kampuni.

Ndaga_Fijo
Huyu jirani yetu akianza kuisifia Iringa hanyamazi 😄. Mama K, njoo Mbeya. Nguzo za udongo ni nzuri, lakini chuma kilichotoka angani utakiona wapi tena?

Kimondo cha Mbozi ni kipande kimoja cha chuma, takriban tani 16, urefu wa mita tatu. Asilimia 90 hivi ni chuma na iliyobaki sehemu kubwa ni nikeli. Kiko kwenye kilima cha Marengi, Mbozi, siku hizi ni mkoa wa Songwe, na kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mwanzoni kilionekana mgongo tu. Wakachimba udongo kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaiimarisha kwa zege. Ndiyo maana ukikiangalia kama kimewekwa mezani. Unaruhusiwa kukigusa. Kina mabonyeo mabonyeo kote kama unga uliobonyezwa kwa vidole, na ncha moja utaona mahali walipokata kipande cha kupima kwa msumeno wa mkono, walitoa jasho.

Na kwa bibi mwenye magoti, hakuna kupanda wala kushuka kwa maana yoyote. Gari linafika karibu.

Mzee_wa_Lori
Nimepita njia hizo miaka mingi. Kimondo: picha tano umemaliza. Dakika ishirini. Halafu unarudi kwenye lami umejaa vumbi, maana kutoka barabara ya Tunduma kuingia ndani kuna kipande kirefu cha barabara ya vumbi, unaacha lami kabla ya kufika Vwawa. Nawaambia tu msije mkalaumu watu.

Ticha_Jiografia
Mzee wa Lori ana haki nusu. Kimondo ni kitu cha dakika ishirini kwa asiyeuliza swali. Mwulize mwongozaji kwa nini hakuna shimo kubwa chini yake, mtakaa saa nzima.

Ila mama K, jambo la msingi ni ratiba ya hiyo kampuni. Chukua ramani. Kimondo kiko magharibi ya Mbeya, upande wa Tunduma. Daraja la Mungu liko kusini, Rungwe, upande wa Tukuyu. Maana yake mtakwenda, mtarudi Mbeya mjini, mtatoka tena upande mwingine. Na Ziwa Ngozi si la kusimamisha gari na kuchungulia: ni kupanda kwa miguu msituni hadi kwenye ukingo wa kreta, ndipo unaliona ziwa liko chini kabisa. Kwa mama mwenye magoti hilo futa. Kampuni inayokuahidi vitatu hivyo kwa siku moja, na imeambiwa kuna mtu mzima, inauza orodha. Waliuliza habari za mama?

Kuhusu nguzo za Isimila, kwa faida ya watoto: zamani sana palikuwa na maji pale, mchanga na tope vikajipanga tabaka juu ya tabaka. Baadaye vijito vikaanza kukata. Penye tabaka gumu juu, lililo chini likakingwa, pembeni kukamomonyoka. Mvua ya kila mwaka inaendelea na kazi hiyo. Waambie watafute kofia ngumu juu ya nguzo, wataelewa bila kitabu.

MamaK_Tabata
Asante sana ticha. Kusema kweli hawakuuliza chochote kuhusu mama, waliuliza idadi ya vichwa tu. Mhehe, huko korongoni mtu mzima anashuka? Na Kalenga kuna nini zaidi ya fuvu la Mkwawa? Mama ndiye anayeitaka Kalenga, amesomeshwa habari za Mkwawa tangu shule ya msingi, mimi naogopa watoto watachoka.

Pwani_Moja
Jamani mbona hakuna anayeitaja Tanga? Mapango ya Amboni yako kilomita nane tu kutoka mjini, chemchemi ya maji moto iko jirani, na magofu ya Tongoni upande wa pili yana makaburi ya nguzo yasiyo na mfano. Vasco da Gama aliichoma meli yake mwenyewe, São Rafael, kwenye miamba ya huko mwaka 1499. Hiyo ndiyo siku moja.

Ndaga_Fijo
Mkuu, mtu anakwenda kwa wakwe Mbeya, unampitisha Tanga?

Mhehe_wa_Mwangata
Mama K, tuanze na bibi. Juu, karibu na geti, kuna jumba dogo la makumbusho na sehemu ya kuangalia korongo kutoka juu. Hapo anafika bila shida. Kushuka hadi kwenye nguzo ni njia ya mteremko yenye mchanga na vijiwe, mtu mwenye magoti mabovu atapata taabu wakati wa kupanda kurudi. Ushauri wangu, abaki juu na mmoja wenu, wengine washuke asubuhi mapema kabla jua halijachachamaa. Mwezi wa saba ni kiangazi, njia haitelezi.

Kalenga hakuna mteremko. Iko kama kilomita 15 kutoka mjini, lakini kwa barabara nyingine, ile ya kwenda Ruaha, kwa hiyo mnarudi mjini kwanza, mnakula, ndipo mnaelekea huko. Ndiyo, fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe, lipo, na habari yake ndiyo inayowashika watu. Aliwapiga Wajerumani Lugalo Agosti 1891, kamanda wao Zelewski akafia hapo. Wakarudi 1894 na mizinga, Kalenga ikaanguka. Mkwawa akapigana vita vya kuvizia hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukataja kwa jina kwamba lirudishwe, lakini miaka ikapita. Ni 1954 ndipo Twining, gavana wa Kiingereza, alipolileta, akiwa amelichagua kati ya mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen. Mwulize mwongozaji Twining alijuaje kuwa ni lile. Wengine wanajibu vizuri, wengine wanaruka swali.

Karibu na hapo ni makaburi ya familia, pamoja na la Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Bibi atalijua jina.

Msithubutu kuongeza siku hiyohiyo Mlambalasi, alikofia Mkwawa. Ni mbali zaidi kwa barabara hiyohiyo ya Ruaha, mtamaliza siku garini.

Ticha_Jiografia
Naongeza moja. Mtasikia umri tofauti wa Isimila kwa kila mwongozaji. Makadirio ya mwanzo yalikuwa karibu miaka 60,000, kisha kipimo cha urani kwenye mfupa, kilichochapishwa 1972, kikatoa takriban 260,000. Mwongozaji akitaja namba, mwulize imetoka wapi. Mzuri atakwambia.

Ndaga_Fijo
Haya, nakubali kushindwa kwa siku hiyo moja. Lakini mkishafika kwa wakwe hamtalala ndani wiki nzima. Asubuhi moja nendeni Kimondo peke yake, mchana mmerudi. Daraja la Mungu mwambieni shemeji awapeleke siku nyingine, na mkiwa huko muulizie Kijungu, mto Kiwira unapoingia chini ya mwamba na kutokea mbele. Kijungu kimo ndani ya eneo la chuo cha Magereza, mnajiandikisha getini, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho. Ngozi waachieni vijana.

MamaK_Tabata
Nimeelewa. Tunalala Iringa, asubuhi Isimila, mchana mjini, jioni Kalenga, mwongozaji tunamchukua palepale. Kampuni nimewaambia hapana asante. Malipo yakoje, taslimu au simu?

Mhehe_wa_Mwangata
Kiingilio unapewa kontroo namba (namba ya malipo), unalipa kwa simu, hivyo hakikisha laini ina salio. Cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, kitambulisho cha NIDA kiwe karibu. Mwongozaji mpe chochote mkononi akiwafurahisha. Na sweta, mama K. Mwezi wa saba Iringa asubuhi watu wa Tabata huwa wanalia.

Mzee_wa_Lori
Mlima Kitonga, kabla ya Iringa, mpande mchana. Usiku malori yanaharibikia kwenye kona.