Tunalipa pesa za "mazingira", watoto wanavuta moshi wa plastiki: shule za bweni Kisumu mpaka lini?

Wanajamvi, nimenyamaza vya kutosha. Uzi huu ni wa wazazi wenye watoto katika shule za bweni huku kwetu Kisumu, hasa upande wa Kano. Mwalimu au mwanabodi yeyote akiusoma, ajibu hapa hapa mbele ya watu.

Kwenye karatasi ya karo ya muhula huu kuna pesa za "mazingira". Tumelipa. Siku ya wazazi ilipofika tukakuta bango limetundikwa getini kwamba shule imekuwa ya kijani, mgeni wa heshima akahutubia, tukapewa miche, picha zikapigwa. Baadaye nikazunguka nyuma ya bweni la wasichana nikitafuta choo, na hapo ndipo damu ilinichemka.

Kuna shimo. Ndani yake mna chupa za soda, karatasi za mandazi, vipande vya godoro la sponji, sodo zilizotumika, maganda ya viazi, ugali uliobaki, vyote vimetupwa pamoja na moto unafuka chini kwa chini. Dirisha la bweni liko hatua chache tu kutoka hapo. Nilimuuliza msichana mmoja, akasema shimo huwashwa jioni wakiwa prepu, wakirudi bweni moshi umeshatanda, na wenye pumu hulala wamejifunika shuka usoni. Watoto wenye pumu! Plastiki ikichomwa hivyo, kwa moto hafifu, hutoa sumu kama dioksini, ambazo zinahusishwa na saratani. Hili si jambo la kusubiri kikao cha muhula ujao.

Tena sheria ipo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, zinazooza kivyake na zisizooza kivyake. Hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mapipa na mtu mmoja wa kusimamia. Maganda na ugali vingekuwa mboji ya shamba la shule, na darasani wanafunzi hao hao wanafundishwa mboji kwenye somo la Kilimo.

Jikoni ni vibaya zaidi. Lori lilikuwa limemwaga magogo ya mikaratusi mabichi kabisa. Mpishi anasukuma gogo chini ya sufuria ya githeri, na mwisho wake wa nje unatoa maji yenye povu, yanachuruzika sakafuni. Hakuna bomba la kutoa moshi, ukuta ni mweusi tititi, macho ya huyo mama ni mekundu. Akaniambia, "Mzazi, hizi kuni hazishiki. Tunaamka saa tisa usiku ndipo uji uwahi."

Mtu yeyote aliyepika kwa kuni anajua shida iko wapi. Kuni mbichi inatumia moto wake kukausha maji yaliyo ndani yake kwanza, ndipo ibakize kidogo cha kuchemsha maharagwe. Kwa hiyo shule inanunua lori juu ya lori, na bili inakuja kwetu. Kuni zikipasuliwa zikakaa kwenye kibanda cha mabati chenye upepo kwa miezi kadhaa, zinawaka vizuri. Jiko la taasisi lililojengewa, lenye bomba la moshi, linaweza kupunguza kuni kwa nusu hivi. Choo na mavi ya ng'ombe wa shule vinaweza kutoa gesi ya kupikia. Haya si maajabu, kuna shule humu nchini zinayafanya.

Na hizo kuni zinatoka wapi? Dereva alisema Nandi. Sisi watu wa Kano tunajua mto Nyando unaanzia huko juu. Sisemi mafuriko yameletwa na sufuria ya shule moja. Nasema miteremko ikiachwa wazi, maji na udongo vinatushukia sisi. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliingia majumbani na madarasani, serikali ikaahirisha kufungua shule hadi tarehe 13 Mei. Sisi tunaozama tungekuwa wa kwanza kuulizia kila gogo linalopita getini.

Halafu ikifika Januari, shule hiyo hiyo inanunua maji ya boza. Bweni lina paa la karibu mita 30 kwa 10, na halina mifereji hata upande mmoja. Maji yamechimba mtaro chini ya upenu mpaka msingi unaonekana. Piga hesabu: mvua ya milimita 20 juu ya paa hilo ni lita 6,000. Toa zinazopotea, bado mvua tatu za namna hiyo zinajaza tangi la lita 10,000. Na hilo ni bweni moja.

Miche sasa. Serikali ilitangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032, ikatupa hata sikukuu ya kupanda tarehe 13 Novemba 2023. Sipingi, nilipanda mwenyewe. Lakini nilipoinama kutazama safu ya muhula uliopita kando ya fensi, nikakuta miche imekauka, na nilipong'oa mmoja ulitoka na karatasi yake ya nailoni. Walipanda bila kuitoa! Mizizi ilijikunja ndani ya nailoni mpaka mti ukafa. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, mwaka 1977, akina mama walilipwa kidogo kwa mche ulioshika. Hatukulipa pesa za mazingira ili tuhesabiwe miche iliyopandwa. Tuhesabiwe iliyo hai.

Nilipomuuliza naibu wa mwalimu mkuu, alinijibu kuwa mambo ya jikoni ni ya utawala na mzazi ashughulikie karo. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Karo ni yangu, na mapafu ni ya mtoto wangu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia.

Ninachotaka kwenye mkutano ujao wa wazazi ni hiki: shimo lifungwe kwanza, wiki hii. Kisha bodi ituoneshe imetumia pesa ngapi kwa kuni na maji ya boza mwaka uliopita, na pesa za mazingira zimenunua nini. Tukiona hesabu hiyo, tutajua wenyewe kama jiko jipya na mifereji ni ghali.

Naandika barua kwa bodi, na nakala nitaipeleka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nahitaji wazazi wa kutia sahihi pamoja nami, maana mmoja atapuuzwa. Walioko Vihiga, Siaya, Kakamega na Nakuru, kama shule ya mtoto wako imejenga jiko la kuokoa kuni au mtambo wa gesi ya samadi, tafadhali andika hapa iligharimu kiasi gani na fundi alitoka wapi. Nataka kwenda kwenye huo mkutano na bei mkononi.