Naomba ushauri: shairi langu la simu limekwama mshororo wa tatu

Malenga wa hapa, habari zenu. Niko Nairobi, naandika shairi kuhusu vile simu imetuibia usiku wetu mimi na mke wangu, na imetuibia hata miti, maana Jumapili tulienda Karura, msitu ule Wangari Maathai alipigwa akiutetea 1999, tukatembea mpaka kwa maporomoko kila mtu akipiga picha na hakuna aliyesikia ndege. Iliniuma sana.

Nimefika hapa:

Mwanga wa simu usoni, mwezi juu hatuoni,
Tumelala kitandani, kila mtu safarini,

Nataka iwe tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne, mizani (silabi) 8 kwa 8, lakini "notifikesheni" peke yake inameza 6, na "arifa" kwetu nyumbani hakuna anayeisema, naona shairi litasikika kama taarifa ya habari. Niweke neno la mtaani ama niache majina ya vyombo kabisa, niseme tu mwanga, kidole, kimya? Na kina cha kati kikiwa sawa na cha mwisho, yaani silabi "ni" na "ni" ubeti mzima, si kitachosha sikio? Mwenye ako na wazo anisaidie, nataka kumsomea mama watoto Ijumaa, simu zikiwa zimezimwa.