Nani kafunga kamera kwenye majaruba ya mpunga?

Mlimaji_Magu: Mwangaluka wakuu. Nina majaruba sita Magu, upande wa mto Simiyu, ila naishi Buhongwa, shamba naliona Jumapili tu. Mbegu ya SARO 5 nimepandikiza wiki ya nne sasa. Kijana wangu ananitumia picha za simu kila siku ila kila picha na rangi yake, juzi kijani kimekolea, jana njano tupu, nikakosa usingizi alfajiri nikapanda gari, nafika mpunga uko vilevile isipokuwa kona ya mferejini imebaki fupi. Nataka nifunge kamera kwenye nguzo. Itanionyesha lini nitie yuria?

Fundi_Usagara: Mkuu hapo kinachokusumbua ni mwanga. Nguzo isihame, kimo kisibadilike, kamera itazame chini, piga saa tatu asubuhi kila siku maana saa sita jua likiwa utosini maji ya jarubani yanamulika kama kioo. Weka kibao cheupe pembeni mwa picha, kibao kikionekana njano ujue ni mwanga, siyo mpunga. Kuna programu ya bure Canopeo, inahesabu asilimia ya picha iliyofunikwa na kijani, andika kila wiki utaona kasi ya machipukizi. Mpunga ukishafunga, yaani majani yakifunika jaruba lote, basi, namba inagota.

Kandokando: Vipi satelaiti? Picha za ile ya Sentinel-2 ni bure.

Fundi_Usagara: Inapita kila siku 5 lakini pikseli yake ni mita 10 kwa 10, jaruba dogo ni vidoti viwili vitatu. Na masika ni mawingu tu.

Mama_Mpunga: Mdogo wangu, palilia kwanza, kamera magugu nayo inayahesabu mpunga. Yuria usiamulie kwenye picha, tafuta ile kadi ya rangi za majani, linganisha na jani la juu lililofunguka lote, likinge jua kwa mwili wako. Na hiyo kona usiiache! Mimi mwaka jana niliona njano kwenye picha nikatia mfuko mzima wa yuria kumbe kimyanga, kile kirusi, mbolea haikitibu. Ingia ushike majani, ukikuta michirizi ya njano na mashina yamedumaa ng'oa mapema.

Mlimaji_Magu: Dada asante sana. Nimempigia kijana, kasema michirizi ipo. Kesho naomba ruhusa kazini nakwenda.